Magazeti Yalipoihesabu Rufiji

Wewe mjukuu wangu habari za nchi unazipata kwenye simu kabla hujanawa uso. Sisi wa delta gazeti lilikuwa likitujia kwa mashua. Lilipanda basi Dar es Salaam, likateremshwa Kibiti, likapata lifti ya lori la mkaa mpaka Nyamisati, na pale likalala likingoja maji yajae ndipo lianze safari ya kwenda Salale, Mfisini na vijiji vya ndani. Mpaka linatua mkononi mwangu lilikuwa na wiki, pengine mbili, linanuka mafuta ya taa na dagaa, na mara nyingi ukurasa wa katikati haupo, nahodha keshausokotea tumbaku. Mimi nilikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, kijana aliyejua kusoma bila kufuatisha mstari kwa kidole, basi kazi ya kulisoma kwa sauti barazani baada ya alasiri ikawa yangu bila kuiomba. Wazee walikaa juu ya mtumbwi uliokufa, wengine wakishona nyavu huku wanasikiliza, na hakuna aliyejali tarehe. Walikuwa na swali lao moja walilolirudia mpaka nikalizoea: bei imeandikwa?

Bei haikuwa imeandikwa. Ziliandikwa hotuba. Nisiwaonee waandishi wa zama zile; Uhuru lilikuwa gazeti la TANU na halikujificha, na nchi ilikuwa changa, kila mtu anataka kuona inajengwa. Lakini habari ya uchumi ilikuwa na umbo lake lisilobadilika. Mkubwa alisimama mahali, akataja fedha nyingi, akasema kazi itaanza, wananchi wakapiga makofi. Mwezi wa sita, bajeti ikisomwa, ukurasa wa mbele ulikuwa bia na sigara, zimepanda au zimeshuka. Kwetu, kijiji kizima cha Waislamu, bia ilikuwa habari ya watu wa mbali, na tumbaku tulilima wenyewe. Tulilotaka kujua ni kama bei ya mpunga itapanda, kama gari la kununua mazao litafika kabla ya masika, na uzi wa nyavu utauzwaje. Hayo yalikuwa yamo ndani ya bajeti ileile, kurasa za nyuma huko, lakini hakuna aliyeyafukua akayaleta mbele.

Walipohamishwa watu wa bondeni mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, na Rufiji ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kukusanywa katika vijiji, magazeti yaliandika kaya ngapi zimehama. Hesabu nzuri tu. Hawakuandika umbali wa kutoka nyumba mpya iliyoko nchi kavu mpaka shamba la mpunga lililobaki mtoni. Umbali huo ndio uliokuwa uchumi wenyewe. Mtu alijengewa kijiji juu, lakini mpunga haukuhama naye. Ukiiva lazima ashuke, apande dungu lake la miti, alale huko miezi na watoto akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Shule ikawa juu, chakula kikawa chini. Mwandishi angekaa wiki moja tu angeiona habari hiyo bila kumwuliza mtu.

Kisha ikaja enzi ya umeme wa maandishi. Mwaka 1975 iliundwa mamlaka ya kuendeleza bonde letu, RUBADA, na magazeti yakajaa habari za kujenga bwawa la umeme kwenye korongo la Stiegler, lililopewa jina la mhandisi aliyeuawa na tembo huko mwaka 1907. Wataalamu wa Norway walikuja kupima, vitabu vya upembuzi vikachapwa, na hesabu moja ikawa wimbo wa kila toleo: megawati 2,100. Barazani fundi mmoja wa majahazi, mzee mwenye kidole gumba kilichokatwa na shoka, akaniuliza megawati ni nini. Nikageuza nyuma ya kitabu cha stakabadhi cha ushirika nikaanza kupiga hesabu. Taa ya wati 60, kama zile alizoziona hospitali ya Utete, ukizigawa katika umeme huo zinatoka taa milioni 35. Sensa ya mwaka 1978 ilikuwa imetuhesabu Watanzania milioni 17 na nusu. Taa mbili kwa kila kichwa, nikamwambia, hata kichanga cha jana. Akatafakari sana, halafu akasema, "Sasa hizi koroboi zetu tutamuuzia nani?"

Watu walicheka, lakini mzee yule alikuwa ameuliza jambo ambalo gazeti halikuuliza kwa miaka mingi. Umeme wote huo ungenunuliwa na nani? Viwanda vilikuwa vya kuhesabu, mkopo ungelipwa kwa dola, na dola zilitoka kwenye pamba, kahawa na korosho ambazo bei zake hatukuzipanga sisi. Hilo ni miongoni mwa yaliyoulaza mradi kabatini miaka ya 1980. Ulipozaliwa ulipigiwa vigelegele. Ulipolazwa hapakuwa na hata aya moja niliyoisoma mimi. Nikaanza kuona mtindo: habari za miradi zilikuwa na mwanzo tu.

Mwaka 1986, Mzee Mwinyi keshaingia Ikulu, shilingi ikashushwa. Mwanzoni mwa mwaka dola ilikuwa kama shilingi 17, haikufika Desemba ilishavuka 40. Magazeti yaliandika kwa lugha ya wataalamu wa fedha wa kimataifa, kana kwamba msomaji anakaa Washington. Sisi tuliiona pale dukani Nyamisati, uzi wa nyavu ulipoanza kupanda kila mashua ikifika. Na hapa ndipo ningependa unisikilize vizuri, maana ndipo kiini kilipo. Kamba wetu walikuwa wanakwenda nje, wanauzwa kwa dola. Dola ikipanda, aliyevua kamba alipaswa kuona shilingi nyingi zaidi. Aliona kidogo, na kwa kuchelewa. Tofauti ilikaa kwa nani? Kwa mwenye barafu? Kwa wakala? Kwa mwenye leseni ya kusafirisha? Nilikuwa nikingoja gazeti lichukue kilo moja ya kamba wa Mfisini, liifuate kutoka kwenye wavu hadi kwenye sanduku la barafu, hadi ghala la Dar es Salaam, hadi sahani ya mtu Ulaya, liandike bei ya kila kituo. Habari ya namna hiyo haihitaji shahada ya uchumi. Inahitaji nauli na subira.

Miaka ya 1990 magazeti yakafumuka. Baada ya milango ya siasa kufunguliwa mwaka 1992 tukapata Rai, Majira, Nipashe na mengine ambayo hayakuwa ya chama wala ya serikali. Bei ya moja ilifika shilingi 200. Kilo ya kamba wakubwa, ninavyokumbuka, mvuvi aliiuza elfu moja na kidogo msimu ukiwa mzuri, kwa hiyo kilo moja ilinunua magazeti matano na chenji ya chai. Ndipo ukaja mradi wa kamba, na huo ndio shule yangu kubwa ya kusoma magazeti.

Kampuni iliitwa African Fishing Company, mwenyewe mfanyabiashara kutoka Ireland. Ilitaka kuchukua takriban hekta 10,000 za delta ichimbe mabwawa ya kufuga kamba, na gharama iliyotajwa ilikuwa dola milioni 192. Lingekuwa, wakasema, shamba la kamba kubwa kuliko yote duniani chini ya mwenye mali mmoja. Mwezi Novemba 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali, japokuwa wataalamu wa Baraza la Taifa la Mazingira walikuwa wameshauri usikubaliwe. Rais alikuwa Mkapa, mwandishi wa habari mwenyewe zamani, aliyewahi kuwa mhariri wa Daily News. Sera za uwekezaji zilikuwa moto, sheria mpya ya uwekezaji imepita mwaka huohuo, na kila dola iliyotajwa iliandikwa kama imeshatua.

Nilikuwa nimeshastaafu ukarani lakini baraza lilikuwa bado langu. Nikasoma: dola milioni 192. Dola ilikuwa kama shilingi 600, basi ni kama bilioni 115. Wazee wakanyamaza, maana bilioni haina sura. Nikaigawa kwa hekta. Ikatoka shilingi milioni 11 na nusu kwa kila hekta ya tope. Hapo wakaamka. Mmoja akauliza, "Hizo zinabaki hapa au zinapita?" Sasa rudi kwenye gazeti ukatafute jibu. Mashine za kusukuma maji zingetoka nje, chakula cha kamba nje, wataalamu nje, na mitambo ya mwekezaji ilipewa nafuu ya ushuru. Kamba wenyewe wangetoka nje pia, wakiwa kwenye barafu. Gazeti lililochapisha dola milioni 192 kwa herufi nene halikutuambia ni ngapi kati ya hizo zitakanyaga udongo wa Rufiji. Likaandika ajira, maelfu. Ajira gani, za mshahara gani, na mvuvi anayeacha wavu wake kwenda kuchota tope kwa kibarua anapata au anapoteza? Kimya.

Gazeti moja, nisilitaje, lilimleta mwandishi kwa boti ya injini mbili pamoja na wakubwa. Walifika bamvua, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi, mikoko inapendeza. Kijana mwenye kamera shingoni na viatu vyeupe. Hakushuka. Alipiga picha akiwa botini, akauliza kwa sauti kama tunaupenda mradi, watu wawili waliosimama karibu wakasema tutaona, boti ikageuza kabla maji hayajapwa. Wiki mbili baadaye tukasoma kwamba wananchi wa delta wameupokea mradi kwa shangwe na kwamba eneo hilo lilikuwa pori lisilotumika. Pori! Wajerumani waliificha manowari yao Königsberg humu humu mwaka 1914, Waingereza wakahangaika miezi kuifikia. Mimi sishangai mtu wa saa tatu asipotuona. Lakini asiseme hatupo. Mle alimoita pori tulilima mpunga, tulikata boriti, wake zetu walitanda uduvi, nyuki walirinwa, na kila kamba aliyeuzwa Dar es Salaam alikuwa amekulia katika mizizi ile. Tena mikoko ile ilikuwa hifadhi ya serikali tangu enzi za Wajerumani. Mwanakijiji akikata bila kibali anakamatwa. Swali la mwanzo la mwandishi yeyote lingekuwa hifadhi ya serikali inachimbwaje mabwawa ya mtu binafsi. Lilichelewa sana kuulizwa.

Lakini liliulizwa, na waliouliza nao walikuwa waandishi. Hapa lazima niwe mkweli, maana wajukuu mmezoea kusema magazeti yote ni yale yale. Kulikuwa na chama cha waandishi wa habari za mazingira, JET, na wanasheria wa mazingira wa LEAT, nao walishika kadhia hii wakaing'ang'ania. Wanavijiji walikwenda mpaka Mahakama Kuu. Watu waliokuwa hawajawahi kufika Kariakoo wakajikuta wanatajwa kwenye kesi dhidi ya serikali yao.

Namkumbuka binti mmoja mwandishi aliyekuja wakati huo. Alikuja maji mafu, ndiyo kusema alitembea kwenye tope mpaka magotini, kandambili mkononi. Akalala kwa mke wangu siku mbili. Hakuuliza tunaupenda mradi au hatuupendi. Aliuliza kilo ni shilingi ngapi, msimu unaanza mwezi gani, wangapi wana nyavu zao na wangapi wanakodi, barafu inauzwaje, aliyekopa wavu kwa wakala anakatwa vipi. Aliandika katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Jioni ya pili nikampeleka nyuma ya kijiji, mahali ambapo miaka kadhaa nyuma jamaa walijaribu kuchimba dimbwi wafuge samaki. Tope la mikoko likiwa chini ya maji ni mali. Linanuka yai viza, lakini ni harufu ya uhai. Ukilitoa ukalianika juani linageuka. Kingo za dimbwi lile zilikuwa zimefanya utandu wa manjano, maji yaliyotuama yana rangi ya kutu, na hata nyasi chumvi hazikuota. Binti akachovya kidole akaonja, akatema. Ukali kama ndimu. Baadaye akaandika, kwa maneno ambayo kila mtu barazani aliyaelewa, kwamba tope lile lina salfa na chuma, likikutana na hewa linazaa asidi, na asidi hiyo inaua kamba bwawani na samaki mtoni. Kwamba ndiyo maana Thailand mabwawa mengi yalitelekezwa baada ya miaka michache, na Mahakama ya Juu ya India mwaka 1996 iliamuru mabwawa ya kamba ya pwani yabomolewe.

Ilikuwa habari ya teknolojia ya kwanza niliyoisoma ambayo teknolojia yenyewe ilielezwa. Kabla ya hapo tulikuwa tunasomewa "teknolojia ya kisasa" kama mtu anavyosoma dua asiyoijua maana. Ya kisasa kivipi? Maji yanaingia wapi, yanatoka wapi, uchafu unakwenda kwa nani, dawa ni zipi? Gazeti likishaandika kisasa linajiona limemaliza. Na wanaosimama upande wa pili wanageuzwa wajinga wa zamani, wakati wazee wetu walikuwa wanaijua delta mkondo kwa mkondo, na kamba kwa mwezi wake.

Miaka ya 2000 ilipoanza mradi ulikuwa umekwama. Mabwawa hayakuchimbwa. Siku gani hasa ulikufa siwezi kukutajia, kwa sababu haukuandikiwa tanzia. Zile dola milioni 192, zilizokuwa ukurasa wa mbele mara nyingi vile, ziliyeyuka bila mstari mmoja wa kusema hazikuja. Ukikusanya magazeti ya miaka ile ukajumlisha fedha zote zilizotajwa kuja Rufiji, ungeamini tunakunywa chai kwenye vikombe vya fedha.

Sitaki uone kila kitu kilikuwa maneno. Daraja la Mkapa lilijengwa kweli, mita 970, likafunguliwa mwaka 2003, na yeyote aliyewahi kulala kwenye foleni ya kivuko pale Ndundu masika, akila mihogo ya kuchoma kwa bei ya dhiki huku mbu wanamla yeye, hawezi kulisema vibaya. Magazeti yaliliandika vizuri na yalistahili. Ila ng'ambo ya daraja, kilomita kama 60 za kwenda Somanga zilibaki tope miaka kumi na zaidi, na kila bajeti tulisoma kuwa fedha zimetengwa. Fedha iliyotengwa Juni iliandikwa kama fedha iliyokwisha mwagwa barabarani. Kama imetolewa hazina, kiasi gani, mwezi gani, hilo lilikuwa la kumtafuta mtu wizarani au kuvumilia kurasa za taarifa ya Mkaguzi Mkuu, ambayo magazeti yaliishughulikia siku tatu na kuihama.

Kisha korongo likafufuka. Mwaka 2018 mkataba ukatiwa saini na makampuni mawili ya Misri, 2019 Rais Magufuli akaweka jiwe la msingi, na ile megawati 2,100 ya ujana wangu ikarudi ikiwa na nyongeza: 2,115. Jina la Stiegler likaondoka, likaja la Mwalimu Nyerere. Gharama shilingi trilioni 6.5. Nikapiga hesabu yangu ileile ya nyuma ya stakabadhi: kwa sensa ya mwaka 2022, Watanzania milioni 61.7, ni kama shilingi 105,000 kwa kila mmoja, pamoja na mtoto aliyezaliwa usiku wa kuhesabiwa. Na kwa taa za siku hizi za wati 9 kila kichwa kinapata tatu na ushei, kwa hiyo yule fundi wa majahazi, Mungu amrehemu, kwa koroboi zake angefilisika kabisa. Ni kazi kubwa na imekamilika, mashine zote tisa, mwaka 2025. Mimi si mpinzani wa umeme. Ila njia kuu ya umeme, ya kilovolti 400, ilitoka bwawani ikaelekea Chalinze, na mto ukaelekea kwetu. Magazeti yalifuata waya. Maji ya mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakileta udongo mpya na kuotesha mazao ya mlau baada ya maji kushuka, na ndiyo yanayofukuza chumvi ya bahari mikondoni. Bwawa likishika maji na udongo, nini kitafika Mbwera? Lilikuwa swali la uchumi, la kilo na magunia, lakini likawekwa kurasa za mazingira, karibu na picha za twiga.

Masika ya 2024 maji yalipokuja kwa nguvu, Rufiji na Kibiti zikazama, mashamba yakawa bahari, ndipo waandishi wakajaa hata nyumba za wageni Kibiti zikapandisha bei. Serikali ikasema bila bwawa ingekuwa vibaya zaidi. Wengine wakasema bwawa ndilo lililofungulia. Gazeti likampa huyu nusu ukurasa na yule nusu ukurasa, likaona limetenda haki. Niliyokuwa natafuta mimi ni jedwali dogo tu: tarehe, maji yaliyoingia bwawani, maji yaliyofunguliwa, na siku yaliyofika Muhoro. Mistari kumi. Jedwali hilo lingekata maneno kuliko wasemaji mia, na mtoto wa darasa la saba angeweza kulisoma.

Kuna jambo linalonifanya nisimkaripie sana mwandishi wa Dar es Salaam asiyekuja. Miaka ile ya mauaji Kibiti, viongozi wa vijiji wanauawa usiku, askari polisi wanane wanauawa kwa siku moja mwezi Aprili 2017, tulikuwa na mwandishi aliyekuwa akiishi humu humu, Azory Gwanda, akiandikia Mwananchi. Hakuja kwa boti na wakubwa; alikuwa akitukuta sokoni. Novemba 21, 2017 alitoweka, na hajaonekana mpaka leo. Tangu hapo nikimwona kijana na daftari pale stendi ya Kibiti, kabla sijamwuliza mbona hamwandiki bei, namwuliza kwanza amefikia wapi na nani anajua yuko huku.

Ukiniuliza gazeti gani la uchumi lilinifaa kuliko yote, nitakwambia halikuwa na jina wala mhariri. Lilikuwa karatasi moja ya mistari iliyobandikwa kwa gundi ya ubuyu kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, baada ya agizo kwamba mapato na matumizi yawekwe hadharani. Limeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu na mtendaji ambaye mwandiko wake ulikuwa unalalia kushoto. Ushuru wa kamba, kiasi fulani. Faini ya kukata mikoko, kiasi fulani. Posho ya kikao, majina sita. Mafuta ya boti, lita 20, safari ya wilayani. Hapakuwa na bilioni hata moja, na sijaona habari iliyosomwa kwa makini namna ile. Wasiojua kusoma walisomewa mara tatu. Wanawake waliotoka kutanda uduvi walisimama na ndoo vichwani, maji yanawatiririkia, wakiuliza nani kachukua posho ilhali kikao hakufika. Bibi mmoja, ambaye mwanawe alikuwa nahodha wa boti hiyohiyo, akataka kujua lita 20 zimekwenda wapi, kwa kuwa wilayani kwenda na kurudi haitumii hizo na siku iliyoandikwa boti ilikuwa juu ya gogo inapakwa sifa. Mtendaji akaahidi kuleta maelezo. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, akaja na stakabadhi mbili zilizokunjwa kwenye mfuko wa shati, na lita 14 zikapata maelezo. Zile 6 zilizobaki tulizijadili mpaka uchaguzi.